Mashine ya nukta nundu nyumbani: miezi 8, na mara 6 nilizomwita mwenye macho

Watu wanaojua kwamba nimenunua mashine ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, huniuliza swali lilelile: "Inafaa?" Mimi hilo silijibu. Kazi ya mashine ile ni kugonga karatasi mpaka itoe vinundu, na kugonga inagonga kwelikweli. Kipimo changu ni kingine. Tangu siku ilipotolewa kwenye boksi nimekuwa nahesabu mara ninazolazimika kumwita mtu mwenye macho aje aniangalizie kitu. Sasa ni miezi 8, na hesabu imefika 6. Nne kati ya hizo zilikuwa wiki ya kwanza, na nyingi wala hazikuwa kosa la mashine.

Sioni tangu nikiwa na miaka 9. Nimefundisha lugha kwa miaka 26 nikiwa na Perkins mezani, ile mashine ya vitufe sita vya nukta iliyoanza kutolewa mwaka 1951 na ambayo hadi leo ukiiangusha unaiokota, unafuta vumbi, unaendelea kupiga. Sina ugomvi nayo. Ila Perkins inaandika tu kile ambacho tayari unakijua. Nikitumiwa barua, lazima kwanza isomwe kwa sauti, na mtu au na kompyuta, nami nipige nikifuata nyuma sentensi moja moja. Barua ya kurasa mbili inakula jioni nzima. Na kama anayenisomea ni mtu, basi ameshajua kilichomo kabla yangu.

Nilichonunua ni kitu kimoja, na nilichopata bure ni kingine, na hicho cha bure ndicho chenye akili. Mashine yenyewe ni mkono tu. Kinachoamua ni nukta zipi zigongwe na wapi ni programu iliyo kwenye kompyuta. Watu wakisikia "programu ya kutafsiri nukta nundu" hudhani inageuza Kiingereza kuwa Kiswahili. La. Inachukua maandishi ya kawaida, inayavunja kuwa nukta, inahesabu seli za kila mstari na mistari ya kila ukurasa, kisha inaweka yote kwenye faili ambalo mashine inalielewa. Seli moja, yaani nafasi ya herufi moja, ina nukta 6, ya 1 hadi ya 3 kushoto na ya 4 hadi ya 6 kulia, kutoka juu kwenda chini, na nukta 6 zinatoa alama 63 tu, bila kuhesabu seli tupu. Herufi kubwa, namba, nukuu, mabano, vyote vinagombania alama hizo 63. Herufi a ikitanguliwa na alama ya namba inakuwa 1. Herufi kubwa ni herufi ileile ndogo iliyotanguliwa na nukta ya 6. Hapo ndipo programu inapopata mshahara wake.

Zipo za kulipia, na Duxbury ndiyo inayojulikana zaidi. Kampuni yake ipo tangu 1975. Zipo za bure pia, kama BrailleBlaster ya Marekani na Sao Mai Braille ya Vietnam, na hizi zote mbili zimejengwa juu ya Liblouis, maktaba ya programu iliyo wazi kwa kila mtu na iliyopewa jina la Louis Braille mwenyewe. Hata NVDA, kisoma skrini ninachotumia kila siku, yaani programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, inategemea Liblouis kwa upande wa nukta nundu. Mimi natumia programu ya bure. Sijawahi kujuta kwa hilo, ingawa nimewahi kuitukana.

Tuje kwenye wiki ya kwanza.

Dirisha la kuunganisha mashine na kompyuta lilipofunguka, kisoma skrini kikanyamaza kimya. Nikabonyeza huku na huku, kimya. Binti yangu akaja: "Mama, hapa pameandikwa Endelea, lakini ni picha." Akabofya. Mara ya kwanza hiyo. Kitabu cha maelekezo nacho muuzaji alinitumia kama kurasa zilizoskaniwa, yaani picha tupu zisizo na herufi hata moja ambayo kompyuta inaweza kuisoma. Mashine ya wasioona, maelekezo ya wanaoona. Mara ya pili. Baada ya hapo niliandika barua pepe ya hasira, nikapata maelekezo yanayosomeka siku iliyofuata, kwa hiyo walikuwa nayo muda wote.

Kwa haki ya mashine niseme hivi: vitufe vyake vyote vina majina kwa nukta nundu, na inazungumza. Ukishikilia kitufe cha msaada kisha ukabonyeza kingine, inakuambia hicho kingine kinafanya nini. Sauti yake ni ya mtu aliyeamshwa usingizini, lakini inasikika.

Ukurasa wa kwanza kabisa uliotoka ulikuwa na mikia. Mstari mrefu, chini yake kipande kifupi cha neno moja au mawili, kisha mstari mrefu tena, kisha kipande. Hili nililitatua peke yangu, na nilijivuna siku nzima. Programu ilikuwa imewekwa seli 40 kwa mstari na mistari 25 kwa ukurasa, vipimo vya ile karatasi pana ya nukta nundu. Mimi natumia A4. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, na kutoka seli moja hadi nyingine ni kama milimita 6, kwa hiyo hata ukichapa ukingo kwa ukingo hupati zaidi ya seli 35. Ukiacha pambizo zinabaki 30 na kidogo. Mashine ikifika mwisho wa karatasi kabla mstari wa programu haujaisha, inashusha kilichobaki chini. Nikaweka seli 30 na mistari 27, kwa sababu kutoka mstari hadi mstari ni kama milimita 10. Mikia ikakatika. Kama wewe ndiyo unaanza, anza hapa: vipimo vya programu na vya mashine lazima viwe vilevile, na hakuna kati yao anayemuuliza mwenzake.

Kilichofuata ndicho kilichonitoa jasho. Niliandika barua fupi ya majaribio inayoanza na "Ndugu zangu," nikaichapa. Kidole kikasoma: koma, kisha ndugu kwa herufi ndogo, kisha zangu, kisha alama ya namba na a, yaani 1. Zangu 1? Nikaendelea. Sentensi ya kwanza iliishia na namba 4. Ya pili, 4. Ya tatu ilikuwa swali, ikaishia na 8. Nikadhani programu imeamua kunipangia orodha. Nikabadilisha jedwali la lugha, yaani kanuni ambazo programu inafuata kugeuza herufi kuwa nukta, nikachapa tena, 4. Nikazima kompyuta, nikaiwasha, 4. Kurasa tisa nilizitupa siku hiyo.

Maelezo yake ni mepesi ukishayajua. Faili la nukta nundu, lile linaloishia na BRF, limeandikwa kwa herufi na alama za kawaida za kompyuta, ila kila alama inasimamia seli fulani. Humo ndani nukta ya mwisho wa sentensi huandikwa kwa tarakimu 4, koma huandikwa kwa 1, alama ya kuuliza kwa 8, na alama ya herufi kubwa huandikwa kwa koma. Sasa mashine yangu nayo ina programu yake ndogo tumboni, ya kugeuza maandishi kuwa nukta nundu, na ilikuwa imewashwa. Ikapokea kazi iliyokwisha kufanywa ikaifanya upya: ikaona tarakimu 4, ikachapa namba 4. Dawa ni kuizima ya tumboni. Sauti ya mashine ilinitajia jina la mpangilio huo nisilielewe, nikamwita mdogo wangu asome kile kiskrini kidogo. Mara ya tatu. "Dada, mbona umekunja uso hivyo kwa kitufe kimoja?"

Mara ya nne ilikuwa kipande cha karatasi kilichochanika na kubaki kwenye roli za kuvutia karatasi. Siku hizi nikisikia mlio umebadilika nazima umeme, nafungua kifuniko, napapasa mwenyewe. Hesabu ikasimama hapo kwa miezi.

Kiswahili je? Ndani ya Liblouis kimo, na kwenye orodha ya majedwali kimeandikwa kwa jina la Kenya, kisichofupishwa na chenye vifupisho. Mimi sikukitafuta mapema. Programu ilikuja imewekwa Kiingereza chenye vifupisho, na mimi nakisoma, kwa hiyo nikaacha. Kosa. Kiingereza kina alama moja kwa the, moja kwa and, moja kwa sh, moja kwa en. Programu haijui kwamba unaandika Kiswahili. Inaona herufi tu. Neno "theluthi" likaanza na alama ya the. "Mtandao" likawa m, t, alama ya and, a, o. Kidole changu kilisoma, lakini kichwani nilimsikia mzungu. Kibaya zaidi ni "kutegemeana". Herufi ea zikiwa katikati ya neno la Kiingereza hufupishwa kwa nukta ya 2 peke yake, na nukta ya 2 ndiyo koma. Kwa hiyo mtu aliyejifunza Kiswahili tu, kama wale watu wazima ninaowafundisha siku za Jumamosi, anafika katikati ya neno anakuta koma imekaa. Mmoja wao aliniambia kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hili neno limekatika kiuno." Nikabadilisha jedwali jioni ileile na kuwachapia upya.

Halafu kuna ng'. Ukiandika mwenyewe kwa kibodi ya kawaida hakuna shida, inatoka nukta ya 3 kama inavyotakiwa. Lakini maandishi unayoletewa na watu yana kila namna ya kikoma cha juu: kilichonyooka, kilichopindia kulia, kilichopindia kushoto. Kile cha kushoto, kwa kompyuta, ni alama ya kufungua nukuu. Kwenye jedwali la Kiingereza inakuwa seli mbili nzima, na "ng'ombe" inasomeka kama ng imefungua mazungumzo na ombe. Kabla ya kugeuza faili lolote la Kiswahili natafuta vikoma vyote vilivyopinda nyuma ya ng na kuvibadilisha viwe vya kunyooka. Ni amri moja ya tafuta-na-badilisha, sekunde tano. Nimeiweka kama mazoea, kama kuosha mikono.

Karatasi nitaisema kwa ufupi kwa sababu haina ujanja. Ile ya ofisini ya gramu 80 haifai. Niliijaribu kwa ubahili. Nukta zinatoboka badala ya kuinuka, ukisoma unahisi msasa, na ukirudia mara ya tatu zimelala. Kuanzia gramu 120 kidole kinafurahi, hasa kwa mashine kama yangu inayochapa pande mbili, ambapo nukta za upande wa nyuma zinapita katikati ya zile za mbele bila kugongana. Kumbuka pia wingi: waraka wa kurasa 40 za kawaida ulinitolea kurasa 104 za nukta nundu. Zisimamishe kwenye rafu kama vitabu. Ukizirundika, zile za chini zinabanwa.

Kelele, sasa. Hakuna aliyeniambia ukweli kuhusu kelele, kwa hiyo naisema mimi. Ni kama mtu anamwaga kokoto juu ya bati, anapumzika kuvuta karatasi, anamwaga tena. Niliiweka kwenye meza nyepesi na meza ikatembea. Sasa iko sakafuni juu ya kipande cha zulia nene, mlango umefungwa, na bado chumba cha tatu wanajua nachapa. Zipo kabati maalumu za kupunguza mlio, zinauzwa kando, sijanunua.

Hilo lina uchungu wake, maana nilichonunulia mashine hii hasa ni siri. Mwezi wa nne nilitumiwa majibu ya vipimo vya hospitali kwa barua pepe. Ningeweza kuyasikiliza kwa kisoma skrini, na kweli niliyasikiliza, lakini sauti ya kompyuta inapita kwenye namba haraka kama inakimbilia kwao. Nilitaka niziguse. Nikachapa ukurasa mmoja. Binti akauliza kutoka jikoni, "Mama, unachapa nini saa hizi?" Nikamwambia, "Nyimbo za kwaya." Nikakaa na ukurasa ule mapajani tangu asubuhi hadi alasiri, nikirudia mstari mmoja, kabla sijamwambia mtu yeyote. Kwa miaka yote niliyoishi, habari zangu za namna hiyo nilizipata kutoka mdomoni mwa mtu mwingine. Baada ya siku ile, kelele nimeisamehe. Majibu yalikuwa mazuri kiasi, kwa mliotaka kujua.

Kuhusu kuandaa nyaraka, programu inaheshimu mitindo ya Word. Kichwa cha habari kikiwekwa kama kichwa kweli, si kwa kukoleza wino tu, kinatoka katikati ya mstari na nafasi juu yake. Anayekoleza wino na kuongeza nafasi kwa vidole anakuletea uchafu. Majedwali ndiyo mtihani. Ratiba ya safu tano haiingii kwenye seli 30 hata ufanyeje. Programu inajaribu, inatoa kitu kama meno yaliyopishana. Mimi nayavunja kwa mkono: siku, mkato, saa, mkato, somo, mstari kwa mstari. Na picha, basi. Mtu alinitumia ratiba iliyopigwa picha kwa simu, kona moja imefunikwa na kidole chake. Programu ya kutambua maandishi ikasoma nusu, ikabuni nusu. Nikamwita binti. Mara ya tano.

Kwa mtu anayehitaji kurasa tatu kwa mwezi, nasema abaki na Perkins. Mashine hizi zinagharimu mara kadhaa ya bei ya kompyuta inayoziendesha, na vipuri si vya kupata kwa fundi yeyote. Kwa anayefundisha, anayeongoza kwaya, anayesoma nyaraka ndefu za kazi, au anayetaka kujua habari zake mwenyewe kwanza, ningenunua tena. Ningeanza na programu, mwezi mzima, nikijifunza kuhakiki faili kwa kusikiliza kabla sijanunua hata karatasi moja.

Mara ya sita ilikuwa mwezi uliopita. Nilikuwa nasoma ukurasa wa kumbukumbu za wiki, nikakuta "Alhamisi bundi atakuja". Nikacheka, nikarudia, bundi kweli. Nilikuwa nimeandika fundi. Kwenye faili ilikuwa fundi. Herufi f ni nukta ya 1, 2 na 4. Ukiondoa ya 4 inabaki b. Nikaanza kutafuta nyingine: c iliyokuwa a, d iliyokuwa e, zote mahali pamoja, seli ya 11 kutoka kushoto. (Alama ya herufi kubwa nayo ni seli, ihesabu kwenye Alhamisi utaona.) Kwingine kote herufi zilikuwa nzima.

Hapa kuna jambo ambalo sikulikuta kwenye maelekezo. Tengeneza faili la BRF lililojaa alama ya = mstari hadi mstari. Kwenye faili la namna hiyo alama hiyo ni seli yenye nukta zote 6. Chapa ukurasa mzima, kisha shuka na kidole kutoka juu hadi chini, safu moja moja. Nyundo inayolegea utaikuta bila kubahatisha: kwenye safu ya 11, nukta ya juu kulia ilikuwa kama pumzi tu. Nikamwandikia fundi, safari hii akanijibu kwa picha yenye mshale mwekundu. Binti akanielekeza kidole mshale ulipo. Lilikuwa vumbi la karatasi, limeganda kwenye kipini. Brashi laini, dakika kumi.

Nimechapa ukurasa wa = mara nne tangu hapo na safu ya 11 imesimama sawasawa na nyingine. Ila kila nikisoma, nikifika seli ile, kidole kinapunguza mwendo chenyewe.